Kitufe cha 141

SWALI: Mwalimu, habari yako. Nina miaka ishirini na minne, nafanya kazi kwenye saiba moja hapa Ngara: fotokopi, kuprinti, kadi za harusi, programu za mazishi. Nilisomea usanifu wa michoro, lakini siku hizi kila ninachobuni nakumbuka baadaye nilikiona kwa mtu mwingine. Kwenye simu nimehifadhi viungo zaidi ya 1,300 vya makala, video na podikasti ambazo watu wanasema zinafungua akili. Nikifungua viwili, nahifadhi vitano. Naomba unipendekezee vitu vichache vya maana kwa mtu mwenye hamu ya kujua na kubuni. Sina pesa nyingi, na muda wangu ni usiku na Jumapili. Na je, hivi nilivyohifadhi nivifanye nini? Msomaji, Ngara.

JIBU: Mwanangu, mashine unayosimama mbele yake kutwa ina kitufe cha kukuza kilichoandikwa 141%, na kando yake kingine cha 71%. Mzee akikuletea ramani ya shamba ya A4 anataka iwe A3, unabonyeza cha kwanza. Akitaka A3 irudi A4, cha pili. Umeshafanya hivyo mara ngapi? Sasa nakuuliza: kwa nini 141? A3 ni A4 mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu, hilo hata mtoto wa shule anajua. Mbona basi mashine haisemi 200?

Kama jibu unalo, niwie radhi, ruka aya mbili. Kama huna, hilo ndilo pendekezo langu la kwanza, na sidhani limo katika vile viungo 1,300.

Vuta A4 mbili kutoka kwenye lile boksi la karatasi zilizoharibika, maana kila saiba inalo. Moja iache ilivyo. Ya pili ikunje ule upande mrefu ugawanyike katikati, uikate, umepata A5. Ilaze A5 juu ya A4, zote zikiwa wima, kona za chini kushoto zikutane barabara. Kisha weka rula ndefu kutoka kona hiyo hadi kona ya juu kulia ya A4. Utaona rula inapita kwenye kona ya A5, kama iliyopimiwa. Kata tena upate A6: rula haihami, na kona ya A6 nayo inakaa kwenye mstari uleule. Umbo halibadiliki hata ukate mpaka vidole vishindwe. Jaribu sasa kwa karatasi ya mraba. Ukiikunja mara moja inakuwa nyembamba kama tikiti ya basi, ukiikunja tena inarudi mraba.

Hesabu yake ni fupi. Ili nusu ifanane na nzima, upande mrefu ukiugawanya kwa mfupi lazima upate namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 2. Namba hiyo ni 1.414 na kidogo. A4 ni milimita 210 kwa 297. Toa simu ugawanye. Basi eneo likiongezeka mara mbili, kila upande umeongezeka mara 1.41 tu, na mashine hukuza pande. Ile 71 ni safari ya kurudi.

Mimi jambo hili nililijua kwa hasara. Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye kiwanda kimoja cha uchapishaji ambacho sitakitaja, mteja alileta kijitabu kilichosanifiwa Marekani. Huko karatasi yao ya ofisi ni milimita 216 kwa 279, fupi na pana kidogo kuliko yetu. Nikaitazama kwa jicho nikasema, A4 hii. Nikaipeleka ichapishwe nakala 2,000. Nambari za kurasa zilikuwa zimewekwa ukingoni kabisa mwa ukurasa, na milimita sita za ziada zilitosha kuzila. Tukatoa kijitabu chenye yaliyomo yanayokuelekeza ukurasa wa 34, na hakuna ukurasa ulioandikwa 34. Nilikatwa mshahara miezi miwili. Tangu siku hiyo napima kila kitu, mpaka wanangu wananicheka.

Na karatasi hiyohiyo ina siri ya pili, hii itakusaidia hata kibiashara. Baba yao wote, A0, ana eneo la mita moja ya mraba. A4 ni sehemu yake ya kumi na sita. Sasa soma pakiti ya karatasi: gramu 80. Maana yake ni kwamba mita moja ya mraba ya karatasi ile ina uzito wa gramu 80. Gawanya kwa 16: A4 moja ni gramu 5. Rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Ukiazima mizani ya jirani anayeuza sukari, ukaweka rimu iliyoandikwa 80 na mizani ikasoma kilo mbili na gramu mia mbili hivi, umeuziwa ya 70. Nimewahi kumwambia hivyo muuzaji mmoja wa jumla huko mjini, akaniangalia kama mganga.

Sasa nani alianza kufikiria mambo haya? Tarehe 25 Oktoba 1786 mwalimu wa fizikia wa mji wa Göttingen, Ujerumani, jina lake Georg Christoph Lichtenberg, alimwandikia barua msomi mwenzake Johann Beckmann. Alimsimulia kwamba alikuwa akimfundisha aljebra kijana mmoja Mwingereza, akampa zoezi: tafuta karatasi ambayo nzima, nusu, robo na thumuni yake zote zina umbo moja. Jibu lilipopatikana, Lichtenberg akachukua mkasi akate karatasi ya kawaida ya kuandikia ifuate kipimo kile. Akakuta tayari inacho. Watengeneza karatasi walikuwa wakikitumia, na yeye hakujua walikipata wapi. Wajerumani waliifanya kanuni ya nchi mwaka 1922, ikasambaa, ikafika mpaka Ngara.

Mtu huyu simwachi bado. Miaka tisa kabla ya barua ile, mwaka 1777, alikuwa na sahani kubwa ya utomvu mgumu aliyoitumia kwa majaribio ya umeme. Vumbi la utomvu lilipoiangukia, halikutulia sawasawa kama vumbi linavyotulia juu ya meza. Lilijipanga: hapa nyota, pale matawi kama ya mti uliokauka. Palipokuwa na umeme vumbi lilishika, pasipokuwa nao halikushika. Akaendelea kulinyunyiza kwa makusudi, na akagundua kwamba akibandika karatasi juu yake, mchoro unahamia kwenye karatasi.

Simama hapo uangalie mashine yako. Vumbi linaloshika palipo na umeme, kisha linahamia kwenye karatasi. Ndani ya fotokopi kuna silinda ambayo mafundi huiita dramu. Hutiwa umeme gizani. Katika fotokopi za mtindo wa zamani, taa ikipita chini ya kioo, sehemu nyeupe za hati ya mteja zinarudisha mwanga kwenye dramu na umeme wa hapo unatoroka. Herufi nyeusi hazirudishi mwanga, kwa hiyo umeme wake unabaki. Tona, ambayo ni unga laini wa plastiki, inanata palipobaki umeme tu. Karatasi inapita, inauvuta unga, halafu inabanwa kati ya roli za moto na plastiki inayeyukia humo. Ndiyo maana kopi hutoka ikiwa na joto kama chapati, na ndiyo maana ukitoa karatasi kabla haijafika kwenye zile roli, maandishi yanafutika kwa kidole.

Aliyeunganisha hayo ni Mmarekani Chester Carlson. Alifanya kazi katika idara ya hataza, yaani haki za uvumbuzi, ya kampuni moja ya vifaa vya umeme, na kazi hiyo ilidai nakala za hati na michoro kila siku. Kuandika upya kwa mkono kulimchosha, na mgongo ulikuwa ukimuuma. Jioni alikwenda maktaba ya umma ya New York kusoma mambo ya mwanga na umeme. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga huko Astoria, yeye na msaidizi wake walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa kitambaa cha pamba lipate umeme, wakaliangazia kupitia kioo kilichoandikwa kwa wino tarehe ya siku ile na jina la mtaa, wakanyunyiza unga, wakapuliza. Maandishi yakabaki. Kampuni zaidi ya ishirini zilimfukuza na wazo lake. Mashine ya ofisi iliyolifanya kuwa kitu cha kila mtu, Xerox 914, ilitoka mwaka 1959.

Kwa hiyo huyo Mjerumani wa karne ya kumi na nane yupo pande zote mbili za mashine yako, kwenye trei ya karatasi na kwenye dramu. Mimi sikupata habari hizi kwenye orodha ya mtu. Nilianza kwa kuuliza kwa nini 141, nikafika kwake. Miaka kadhaa baadaye nikauliza kwa nini kopi inatoka moto, nikafika kwake tena. Siku ile nilicheka peke yangu ndani ya matatu, na mama aliyekaa kando yangu akavuta mkoba wake karibu.

Sasa nirudi kwenye shida yako. Viungo vyako 1,300 si vibaya. Naamini vingi ni vizuri. Tatizo ni kwamba kila kimoja ni jibu la swali ambalo hukuuliza. Mtu fulani alikuwa na swali lake, akahangaika, akapata kitu, akakipendekeza. Wewe umepokea kitu bila lile hangaiko. Kinakaa akilini kama mgeni aliyeletwa na mtu mwingine: mnasalimiana, anaondoka. Na kwa sababu wasanifu wenzako wote wamepokea wageni walewale wiki ileile, kadi zenu za harusi zinafanana. Hujakosa kipaji. Umekosa malighafi ambayo ni yako.

Malighafi hiyo inapita mikononi mwako kila siku. Ninyi wa fotokopi mna bahati ambayo hamuioni: Nairobi nzima inapita kwenye kaunta yenu. Mwaka 1805 kijana wa Kiingereza wa miaka kumi na minne, Michael Faraday, mtoto wa mhunzi maskini, aliwekwa kwa mjalidi vitabu huko London ajifunze kazi. Akawa anasoma vitabu alivyoletewa kujalidi, na kwa njia hiyo akakutana na umeme na kemia. Mwaka 1812 mteja wa duka alimpa tikiti za mihadhara minne ya mwanakemia mashuhuri Humphry Davy. Wengine huenda kusikiliza wakarudi nyumbani. Faraday aliandika alichosikia, akakichorea michoro, akakijalidi kwa mikono yake mwenyewe, kitabu cha kurasa kama 300 hivi, akampelekea Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa kama msaidizi wa maabara. Mengine utayasoma mwenyewe.

(Neno moja la pembeni, na ulichukulie kwa uzito. Vitambulisho, wasifu wa wanaotafuta kazi, karatasi za hospitali: hivyo si vitabu vya kujalidi. Toa kopi, geuza macho, futa faili kwenye kompyuta mteja akitoka. Udadisi wako uishie kwenye karatasi, herufi, rangi na mpangilio.)

Lichtenberg ana jambo la tatu la kukupa, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Tangu akiwa mwanafunzi mwaka 1765 mpaka alipofariki mwaka 1799 aliweka madaftari aliyoyaita kwa jina la dharau, kitu kama madaftari ya uchafu. Jina alilitoa kwa wafanyabiashara wa Kiingereza. Alieleza kwamba mfanyabiashara huwa na daftari la kwanza ambamo anatupia kila anachouza na kununua, ovyo, bila mpangilio. Baadaye anahamishia kwenye la pili lililopangika. Mwisho kwenye kitabu kikuu cha hesabu. Akasema wasomi nao wafanye hivyo.

Wewe daftari hilo unalijua. Nenda duka lolote la mtaa, hapo Ngara au Umoja, mwenye duka ana kitabu cha deni kilichochakaa, kimefungwa kalamu kwa uzi, kimeandikwa “Mama Shiko unga 2, maziwa 1”. Hakuna anayejali mwandiko. Kinachotakiwa ni kiandikwe papo hapo, kabla mteja hajatoka mlangoni, la sivyo deni limepotea. Nunua daftari la bei ya chini kabisa. Nasisitiza bei ya chini, kwa sababu daftari zuri hutisha, utaogopa kuliharibu. Lifunge kalamu. Andika kila linalokushangaza, hata liwe la kijinga, wakati huohuo. Jumapili keti na chai, hamishia machache yanayokusumbua bado kwenye daftari la pili, ukiacha nusu ukurasa chini ya kila moja.

Nisikuambie ufanye ambacho sifanyi. Haya ni ya kwangu ya wiki hii, kama yalivyo: “Programu za mazishi: kwa nini zambarau? Nani alianza?” “Senti hamsini tuliita sumuni. Thumuni si ni moja ya nane? Moja ya nane ya nini?” “Fundi viatu wa stendi hulamba uzi kabla ya kutunga sindano. Mshonaji wa nguo hukata ncha mshazari. Uzi tofauti au mazoea?” Hayana uzuri wowote. Lakini lile la sumuni limeshanipeleka kuuliza wazee watatu, na kila mmoja ana jibu lake.

Kwa kuwa unapenda herufi na maneno, nikupe uzi mmoja wa lugha uanze nao usiku huu. Kaunta yako ina karatasi, kalamu, daftari na rimu. Karatasi ilitufikia kwa Kiarabu, qirtas, nacho kinafuatwa nyuma hadi Kigiriki, khartes. Kalamu vivyo hivyo: qalam, na kabla yake kalamos ya Kigiriki, maana yake tete. Daftari linarudi kupitia Uajemi na Uarabuni mpaka diphthera, ngozi iliyotayarishwa, kwa sababu zamani watu waliandika juu ya ngozi. Hayo matatu yametujia kwa Bahari ya Hindi. Rimu je? Hiyo tumeipata kwa Mwingereza. Ila Mwingereza naye aliipata kwa Mfaransa, aliyeipata kwa Mhispania, aliyeipata kwa Mwarabu: rizma, yaani furushi. Maneno manne yako kwenye rafu moja, matatu yamekuja kwa jahazi na moja limezunguka Ulaya nzima ndipo likafika. Kama huwezi kutengeneza bango kutokana na hilo, basi sijui nikupe nini.

Umeniomba vitu vya kwenda kuona. Nitakupa vichache, vyote vya kutembea kwa miguu kutoka Ngara.

Anza na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, pale Moi Avenue karibu na sanamu ya Tom Mboya. Watu maelfu hukutana mbele ya jengo lile, “tupatane Archives”, na hawajawahi kuingia ndani. Zamani lilikuwa benki. Chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wetu wa pili mwaka 1966, kwa miezi michache tu, kisha akaacha siasa. Mama yake alikuwa Mmaasai na baba yake Mgoa, na maisha yake yote alikusanya: vitambaa, vinyago, silaha, vito, stempu, vitabu. Kuna ada ndogo mlangoni. Kosa la wageni wengi ni kuzunguka chumba chote kwa dakika ishirini. Usifanye hivyo. Chagua kitu kimoja, kaa nacho nusu saa, kichore hata kama mkono haukubali. Dakika kumi za kwanza utachoka. Baada ya hapo utaanza kuona pale fundi alipokosea akarekebisha, na hapo ndipo utakapofaidi.

Jumamosi ukitoka mapema, shuka Biashara Street kwenye maduka ya leso. Wewe msanifu, hapo ni chuo na hakuna karo. Kila leso ina sheria: pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, jina chini kidogo ya kitovu. Ndani ya sheria hizo hizo watu wamebuni kwa vizazi na hawajaishiwa. Neno leso lenyewe lilitoka kwa Wareno, kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wakavishona sita pamoja, vitatu juu vitatu chini, wakapata vazi. Angalia majina: maneno machache, herufi kubwa, na yanapiga. Mwenye duka akikuuliza unataka ipi, mwambie ukweli kwamba unasoma. Mimi hunikaribisha. Kisha rudi nyumbani ujaribu kuandika jina la leso la saiba yenu. Nimejaribu miaka, bado silipati.

Kamukunji, kwa mafundi wa bati, nenda siku ya kazi, asubuhi, ukisikia nyundo umefika. Simama karibu na fundi anayekata bati la jiko. Hana karatasi ya mchoro. Ana msumari, kamba na kipande cha bati cha zamani cha kufuatishia. Anachora tao mbili kwenye bati bapa, anakata, anakunja, na bapa linakuwa umbo la ndoo. Usiku jaribu kwa A4 mbovu. Mara tatu za kwanza itatoka upande. Na jiko lile lenye kiuno na udongo ndani lina hadithi yake: mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahandisi na mafundi wetu waliangalia jiko la ndoo la Thailand, wakachukua udongo wake, wakaupandisha kwenye bati la kijuakali. Kile kiuno kinashikilia udongo ukae nusu ya juu tu, jiko liwe jepesi. Wanaokuambia kubuni ni kutoa kitu hewani, waonyeshe jiko hilo.

Vitabu: wauzaji wa inama, wale wanaotandaza kando ya barabara mjini, mpaka uiname ndipo uchague. Acha riwaya za jalada la kung'aa. Chimba chini utafute vitabu vya kazi: mwongozo wa ushonaji, wa ufugaji nyuki, wa kutengeneza redio, atlasi zilizopitwa na wakati. Kitabu cha kazi ya mtu mwingine kina msamiati na michoro ambayo wasanifu wenzako hawana. Maktaba ya McMillan, Banda Street, ilifunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kupita kati ya wale simba wawili wa mlangoni; iliwekwa wazi kwa wote mwaka 1962. Kuna magazeti ya zamani humo. Tazama matangazo ya biashara tu, uache habari, uone jinsi watu walivyopanga herufi kabla ya kompyuta.

Podikasti sina ugomvi nazo. Ni nzuri ukifua nguo.

Jambo ambalo hukuuliza, ila nitalisema. Tafuta mtu mmoja wa kubishana naye. Faraday hakusoma peke yake; kila Jumatano usiku vijana wenye kazi zao walikutana London, wakasomeana, wakapingana. Huhitaji kikundi chenye kofia na fulana. Unayemhitaji ni mmoja, afadhali asiwe msanifu: fundi simu wa kibanda cha jirani, muuguzi, mwenye pikipiki. Mpeleke swali moja kutoka daftarini kila wiki, naye akuletee lake. Wangu alikuwa fundi wa kurekebisha taipureta. Alinikatalia kila nilichosema kwa miaka kumi na mmoja, na alikuwa na haki karibu nusu ya mara hizo.

Viungo vyako usivifute. Ukivifuta utaona huruma na utavihifadhi upya. Uviache vikae, funga lile folda, na ukae mwezi mzima bila kuongeza hata kimoja. Daftari likikupa swali, kwa mfano lile la zambarau, fungua folda utafute neno hilo humo. Huenda kimoja kati ya 1,300 kilikuwa kinasubiri swali hilo. Nilipofanya hivi na masanduku yangu ya vipande vya magazeti, nilivyovihitaji vilikuwa kama arubaini. Vilivyobaki vilifungia nyanya za jirani.

Kazi ya wiki hii ni moja. Azima mizani, pima rimu iliyo chini ya kaunta yenu, uniandikie imesoma kilo ngapi na pakiti imeandikwa gramu ngapi. Bosi wako usimwambie kwanza.